Kipanya Kilichokwenda Misa

Mama Masika alikuwa akienda misa ya asubuhi na kipanya cha kompyuta ndani ya mkoba wake, pamoja na rozari na kitabu cha nyimbo. Msicheke. Wenye maduka wengine walitegemea kufuli, lakini yeye kufuli hakuiamini, kwa sababu mimi nililala chumba cha nyuma na ufunguo nilikuwa nao. Alichoogopa ni mimi kuichezea mashini yake wakati yeye yuko kanisani. Kwa mawazo yake kompyuta bila kipanya ilikuwa gari bila usukani. Basi kila asubuhi alichomoa uzi, akakizungushia, akakitia mkobani na kuniambia: "Bauma, chunga batu benye banaingia. Narudia sasa hivi."

Sasa hivi ya Mama Masika ilikuwa misa nzima, salamu za nje ya kanisa, na kupita kwa rafiki yake mmoja kuulizia bei ya unga.

Ninyi mnaogusa kioo kwa kidole na kila kitu kinafunguka, kaeni kidogo niwaeleze nilivyojifunza kutembea ndani ya mashini kwa klavye, yaani kibodi, peke yake, bila kipanya. Nilikuwa mtu wa haraka kuliko wote Walikale, na nilijivuna sana. Nitawaeleza pia jinsi mtu mmoja alivyokosa kumzika mama yake kwa sababu ya majivuno hayo. Nilitaka kuandika la kwanza na kuacha la pili. Mke wangu Zawadi akasema nikiacha la pili, la kwanza halina maana.

Mimi ni mtu wa Kibabi, huku Masisi, kwenye vilima. Baba yangu alilima, babu yangu alilima, na mimi nililima mpaka nilipoona kwamba shamba linamtosha mtu mmoja na nusu, na sisi tulikuwa wengi. Nikashuka Walikale, kwenye msitu na joto, mahali ambapo malori ya barabara ya Bukavu na Kisangani yanapita yakiwa na matope mpaka kwenye vioo. Zawadi alibaki kuangalia shamba. Tulisema ni kwa mwaka mmoja. Nilirudi nikiwa mzee.

Mama Masika alikuwa Mnande wa Butembo, mfanyabiashara, Mkatoliki wa kila siku. Upande mmoja wa duka aliuza sabuni, chumvi, betri na kandambili. Upande wa pili alikuwa na meza ya kuandikisha barua, na mashini ya fotokopi ambayo ilikuwa ikikohoa. Watu walikuja na maneno yao nasi tukayaweka kwenye karatasi: barua ya kuomba kazi, ya kumlalamikia chifu, ya kumwomba mkurugenzi wa shule msamaha, na matangazo ya vifo ya kupeleka radioni.

Yeye mwenyewe alikuwa amejifunzia taipureta kwa masista, zamani. Alinifundisha namna alivyofundishwa: alinifunika mikono yote miwili kwa kitenge, nikaandika bila kuona vidole. Nikikosea alinipiga kijiko cha mbao begani. "Macho iko ya kuangalia kazi," alisema, "haiko ya kuangalia mikono." Mguse klavye yenu sasa, herufi F na herufi J. Kuna kinundu kidogo kwenye kila moja. Hapo ndipo vidole vya shahada vinakaa, na hapo ndipo mnarudi mkipotea. Nimewauliza vijana wengi wenye diploma na hawakuwahi kukigusa hicho kinundu kwa akili.

Siku iliyoniingiza kwenye ujuzi wangu, alikuja muuguzi mmoja mbio. Gari la kwenda Bukavu lilikuwa linanguruma barabarani, na mgonjwa ndani, na hospitali ya kule haikuwa ikipokea mtu bila barua. Mama Masika yuko kanisani na kipanya mkobani. Nikawasha mashini. Nikakaa naitazama na yeye ananitazama.

"Papa, hauko unaandika?"

"Ngoja kidogo, kaka."

Nilijua kuandika, ila sikujua kufika mahali pa kuandikia. Nikaanza kupapasa. Nilibonyeza kile kitufe chenye alama ya dirisha, orodha ikafunguka. Nikashuka kwa mishale ya klavye, nikapiga Enter. Programu ikafunguka! Nikaandika. Halafu kuchapisha: nikapiga Alt, nikaona juu kule herufi moja ya kila neno imepigiwa mstari chini. Neno la Kifaransa la faili limepigiwa mstari kwenye F. Nikapiga F, orodha ikashuka, nikashuka nayo mpaka kwenye kuchapisha. Karatasi ikatoka ingali moto. Muuguzi akakimbia nayo bila hata kuniaga.

Mama Masika aliporudi alikuta mashini ina joto. Akaweka mkono juu yake, akaniangalia.

"Nani alikupa suri?" Ndivyo tulivyokiita kipanya, kwa Kifaransa chetu cha dukani.

"Hakuna, Mama. Nimepitia mu klavye tu."

Hakuamini. Akavuta kiti, akashika mkoba wake magotini na kipanya kikiwa bado ndani, akasema, "Onyesha." Nikaonyesha tangu mwanzo. Alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kitambaa cha kichwa. Lakini kesho yake akaenda misa na kipanya chake vilevile, na kesho kutwa, na miaka yote iliyofuata. Nilipomuuliza kwa nini, akasema mkoba ulikwisha kukizoea.

Kuanzia hapo sikutaka tena kipanya. Watu waliniita Papa Klavye, na jina langu la kweli likasahaulika kwa wengi. Wanafunzi walisimama nyuma yangu kutazama madirisha yakifunguka na kufungwa bila mkono wangu kuondoka mahali pake. Niliwaambia, na ninawaambia ninyi: Tab inakupeleka mbele, Shift na Tab inakurudisha. Echap, ile Esc ya pembeni juu, ni kuomba radhi, ukiingia mahali usipopajua piga Echap utoke kwa heshima. Kontrol na S piga kila mwisho wa sentensi, kwa sababu umeme wa jua na betri ya lori iliyochoka haukuagi ukiondoka. Na kama mna hati mbili zilizofunguliwa, Alt na Tab inawarusha kutoka moja kwenda nyingine. Hiyo ndiyo iliyoniua, nitafika hapo.

Maisha ya Walikale yalikuwa ya upweke, nisiwadanganye. Mchana ulikuwa na watu, lakini walikuja na maneno yao, wakayaacha kwangu, wakaondoka na karatasi. Niliandika barua za mapenzi za watu wengine. Nilijua nani anamlilia nani kuanzia Hombo mpaka Kisangani, na jioni nilipika ndizi zangu nikala nikiwa nimesimama, kwa sababu mtu mmoja kutandika meza ni kichekesho. Mvua ya msituni ikianza juu ya mabati husikii hata mawazo yako. Zawadi alikuwa akipiga simu siku ya Jumapili, akipanda kwenye kilima ambako mtandao unashika. Tuliulizana habari za viazi na maharagwe. Alikuwa akiuliza, "Uko unakula?" Nikasema ninakula.

Halafu macho yakaanza.

Kwanza ulipotea mshale. Nilikuwa bado naona herufi mbele yangu, lakini ule mshale mdogo mweupe unaotembea na kipanya, nikiwekewa mashini ya mtu yenye kipanya, sikuuona kabisa. Kisha zikapotea pembe za skrini. Muuguzi mmoja alinitazama kwa tochi akasema ni presha ya macho, niende Goma kwa daktari kabla haijachelewa. Sikwenda. Niliogopa kwamba daktari angesema neno ambalo nisingeweza kurudi nalo dukani. Mtu asiyeona atakaa kwenye meza ya kuandika kufanya nini? Na nikirudi Kibabi, jembe nitalielekeza wapi?

Basi nikaficha. Na klavye ikanifichia vizuri mno. Mtu anayetumia kipanya akipoteza macho anajulikana siku hiyo hiyo. Mimi watu walizidi kunisifu: "Papa Klavye haangalie hata!" Walikuwa wanasema kweli na hawakujua. Nilihesabu. Kufungua barua: Kontrol na O, shuka mara nne, Enter. Tangazo la kifo: shuka mara saba. Nilizikariri hatua zangu ndani ya mashini, na nje pia nilihesabu hatua, kutoka mlangoni mpaka kwenye kisima. Karatasi ikitoka niliipeleka mpaka puani nikaisoma kipande kwa kipande, lakini nilifanya hivyo watu wakishatazama kwingine.

Sikumwambia Mama Masika. Sikumwambia Zawadi. Ukiwa na jambo la namna hiyo unaanza kukaa mbali na watu, hata wale waliokaa kwenye benchi moja nawe. Niliacha kwenda kunywa chai kwa jirani kwa sababu nilimwaga mara mbili.

Sasa, lile tangazo.

Kwenye mashini nilikuwa na mfano wa tangazo la kifo. Nani atakubali jina lake liwe la mfano kwenye kitu kama hicho? Nikaweka langu mwenyewe, kwa mzaha: "Familia inasikitika kutangaza kifo cha Papa Bauma, karani, mzaliwa wa Kibabi. Mazishi ni kesho. Tangazo limfikie mke wake Zawadi popote alipo." Kila mtu alipokufa, nilifungua kifo changu, nikakinakili kwenye ukurasa mpya, nikafuta jina langu, nikaandika la kwake. Nilikwisha kuzoea. Wakati mwingine jioni nilikisoma hivyo hivyo kilivyo, nikajisikitikia kidogo, kisha nikazima mashini.

Asubuhi moja alikuja mwendesha pikipiki kutoka Hombo, ametapakaa matope mpaka kwenye nyusi. Alitumwa na familia ya Mama Feza, mama mmoja aliyefariki usiku ule. Maiti itazikwa kesho yake saa sita ya mchana.

"Iko na mutoto moja tu mwanaume," akaniambia. "Jina ni Amani. Eko anachimba kule porini, haina rezo ya simu, iko na radio tu. Radio ikisoma saa sita leo, atatembea, atafika. Ikipita hapo, hafiki."

Ndiyo kazi yenyewe. Machimbo ya Amani yalikuwa mwendo wa siku nzima kwa miguu mpaka Hombo, na ile njia haipitiki gizani. Akisikia saa sita ya mchana, atatembea mpaka giza, atalala kwenye kijiji cha katikati, kesho atamkuta mama yake bado yuko juu ya ardhi.

Nikaandika. Duka lilikuwa limejaa, ilikuwa siku ya soko. Katikati ya kuandika mtu akaniuliza barua yake ya juzi, nikaondoka kwenye tangazo, nikarudi, nikaondoka tena, Alt na Tab, Alt na Tab. Nikahesabu vibaya. Nilikuwa na hati mbili wazi, ya Mama Feza na ile ya mfano, na niliyoituma kwenye mashini ya kuchapa ni ile ya mfano.

Karatasi ilitoka. Niliishika mkononi. Wateja sita au saba walikuwa wamenizunguka na wasichana wawili wa shule walikuwa wanatazama vidole vyangu kwa mshangao. Ningeipeleka puani mbele yao? Nikaikunja kwa madaha, nikaitia kwenye bahasha, nikampa yule wa pikipiki. Akaipeleka radioni mbio na kugeuza njia ya Hombo.

Saa sita, radio ya duka ikiwa juu ya rafu ya sabuni, nilimsikia mtangazaji, kijana mmoja anayeitwa Janvier, akisoma kwa sauti yake ya matanga kwamba nimekufa.

Janvier alinijua, lakini alinijua kwa jina la Papa Klavye. Bauma wa Kibabi kwake alikuwa mtu mwingine, marehemu kama marehemu wengine. Mama Masika ndiye aliyetoka nyuma mbio na mwiko mkononi, akanikuta nimekaa.

"Yesu Maria! Banakuua ku radio na uko unakaa hapa!"

Duka zima likaangua kicheko. Majirani wakaja. Mmoja alinigusa shavu. Mwingine alisema nimnunulie soda kwa sababu alianza kulia bure. Nami nilikuwa nimekwisha kujua. Tangu neno la kwanza la Janvier nilijua ni karatasi gani, na nilijua ni ipi haikusomwa.

Ningesimama wakati ule. Radio ilikuwa umbali wa kutembea mpaka mwisho wa wimbo mmoja. Janvier angeingilia kati ya muziki akasoma jina la Mama Feza, na Amani angefunga mzigo wake. Lakini kusimama kulikuwa kusema: nimekosea kwa sababu sikuona. Na wote walikuwa pale.

Nikacheka pamoja nao. Nikasema, "Yule Janvier amelewa mapema leo."

Hayo ndiyo maneno niliyoyasema. Nimeyarudia kichwani mara nyingi kuliko sala yoyote.

Simu ikalia. Mtu wa Walikale alikuwa amepiga simu Kibabi kwamba nimekufa. Nilisikia upepo wa kilimani kwanza, na pumzi ya mtu aliyepanda mbio.

"Zawadi," nikasema, "ni mimi."

Nilimsikia akikaa chini kwenye majani. Kisha akasema, "Uko unakula?"

Hata yeye sikumwambia. Nilisema ni kosa la radio.

Saa kumi na moja duka lilipotulia niliandika tangazo la Mama Feza upya, nikalisoma mpaka herufi ya mwisho karatasi ikiwa imegusa pua, nikalipeleka mwenyewe nikihesabu hatua. Janvier alikuwa ameshakaripiwa na mkubwa wake. Alinipa mkono kwa mikono miwili. "Papa, unisamehe," akasema, "sijui ile karatasi ilitoka wapi." Nikamwambia si kitu. Nilimsamehe, mnasikia? Akalisoma saa kumi na mbili, giza likiingia.

Mama Feza alizikwa kesho yake saa sita. Mwanawe aliingia Hombo jua linazama.

Niliyasikia hayo kwa madereva. Sikuuliza, walisema wenyewe, kama habari za njiani. Majuma yaliyofuata sikulala vizuri. Nilijiambia kwamba mama yule alikuwa amekwisha kufa, kwamba mtoto kufika au kutofika hakumfufui. Mtu akiwa peke yake anajieleza mambo mengi na hakuna wa kumbishia.

Kabla sijafika mwisho niwaambie ya Janvier, yasije yakanisahaulika. Siku ile ile Amani alipokuja kwangu, nilikwenda tena radioni, nikamwambia Janvier mbele ya mkubwa wake kwamba kosa lilikuwa langu. Hakunipa mkono siku hiyo, na alikuwa na haki. Mama Masika naye nilimwambia. Alifungua mkoba, akatoa kipanya. "Miaka yote nabeba hii kwa misa ili usiguse," akasema, "kumbe haukuweza kuona hata mushale yake." Alilia, halafu akanipa nije nacho Kibabi. Kiko hapa, kimetundikwa kwenye msumari karibu na mlango. Wajukuu wanauliza ni mdudu gani.

Sasa, Amani.

Alikuja asubuhi, wakati wa misa. Duka lilikuwa tupu. Nilisikia viatu vya mpira vikifutwa kwenye gunia la mlangoni, nikajua ni mtu aliyelelewa vizuri. Akanisalimu, akataja jina lake na la mama yake. Mikono yangu ilikuwa kwenye klavye na ikabaki hapo.

"Papa, banasema tangazo ya mama iliandikiwa hapa."

"Ndiyo. Hapa."

"Mimi nilikuwa na radio saa sita. Nilisikia yote. Nilisikia karani fulani wa Kibabi amekufa, nikasema maskini, bibi yake atajua aje. Ya mama sikusikia. Ya magaribi nilisikia nusu, betri ilikuwa nakufa. Nilisikia jina tu, nikasimama." Akaweka mkono juu ya meza. "Basi nataka unisomee yote. Nisikie vile bali­mutangaza."

Angeweza kuniuliza kitu kingine chochote. Nikasema sawa. Kontrol na O, nikashuka nikihesabu, Enter. Nilijua maneno yake kwa moyo, kila nukta. Nikaelekeza uso kwenye skrini namna nilivyozoea, nikasoma: "Familia inasikitika kutangaza kifo cha Mama Feza, wa Hombo, kilichotokea usiku wa kuamkia leo. Mazishi ni kesho saa sita mchana. Tangazo limfikie mwanawe Amani, popote alipo kwenye machimbo. Aje, anangojewa."

Nilisikia amesogea, yuko begani kwangu. Alikuwa na harufu ya udongo na moshi.

"Papa," akasema polepole, "hii iliyo hapa haiko ya mama."

"Iko ya nani?"

"Imeandikwa Papa Bauma, karani, wa Kibabi."

Nilikuwa nimeshuka mara saba. Ya mama yake ilikuwa ya nane.

Nikasema yote, kwa mara ya kwanza kwa mtu yeyote: macho, hesabu, karatasi niliyoona haya kuipeleka puani, kicheko, jina la Janvier. Nilimwambia kwamba mimi ndiye yule karani aliyemhurumia saa sita. Niliongea nikiwa nimeelekea klavye, kwa sababu uso wake nisingeuona hata nikigeuka.

Alikwenda mpaka mlangoni. Nilidhani ameondoka. Nikasikia anavuta pumzi nje, na lori moja likapita, na likaisha kupita. Akarudi.

"Onyesha mahali pa kubonyeza," akasema.

Nikarudi kwenye orodha, nikashuka mpaka ya saba, nikamwonyesha mshale wa chini. Alibonyeza mwenyewe, mara moja, kwa kidole kigumu cha mchimbaji, kisha Enter. Akasoma tangazo la mama yake kwa sauti, amesimama, tangu mwanzo mpaka mwisho. Alijikwaa mara mbili. Kwenye "aje, anangojewa" alisimama kidogo, kisha akarudia. Nami nikavua kofia.

Hakusema amenisamehe, na mimi sikumwomba. Nilimchapia karatasi, akaisoma kabla sijaikunja, na mimi nikangoja. Ninyi fanyeni hivyo hivyo. Vijueni vitufe vyote kwa kichwa, mnipite hata mimi kwa haraka, lakini kabla ya kuchapa mwambieni aliye karibu: nisomee. Hata kama duka limejaa.

Akatia karatasi kifuani. Alipokuwa anatoka akasimama.

"Na ile yako, Papa, uko unaiwekea nini?"

"Ni mfano tu."

"Uifute."

Nikaifungua. Akaja kusimama kando yangu kuhakikisha ndiyo yenyewe, akasema ndiyo. Kontrol na A, kuishika yote. Nikabonyeza kufuta.

"Iko aje?" nikamuuliza.

"Nyeupe."

"Yote?"

"Yote, Papa."

Nikapiga Kontrol na S, nikainuka kwenye kiti, nikapiga simu Kibabi, wakamwita Zawadi kilimani. Haikuwa Jumapili. Nikamwambia ninarudi nyumbani, na kwamba atanipokea barabarani, kwa sababu njia ya kupanda kilimani sitaiona.